Shangazi, Wanataka Tuweke Mimba

Shangazi,

Shikamoo nimeiacha kwa makusudi. Nitakueleza sababu huko chini nikifika. Nakuandikia kwa kalamu kwa kuwa kompyuta ni ya ofisi, na ofisini kwetu kila mtu ana shingo ndefu ya kuchungulia kioo cha mwenzake. Unanijua. Hata hapa chumbani kwangu Mbinga mjini nimefunga mlango, nikaenda kukagua dirisha, kana kwamba Mratibu anaweza kuparamia ukuta ili asome barua ninayomwandikia marehemu.

Habari za nyumbani kwanza. Anko Otmari mzima. Anakohoa, lakini mzima. Mwanaye alitaka kumhamishia Songea, akakataa. Anasema hawezi kuwaachia kahawa yake watu wasio na akili, na kwake watu wasio na akili ni watu wote. Vichanja vyako vya kuanikia bado vimesimama uani, na ule wavu wa kichanja cha kati umetoboka palepale ulipokuwa unaziba kwa kipande cha chandarua. Mama alipanda kutoka Kihagara, kule ziwani, siku ya arobaini yako na furushi la dagaa wa usipa. Paka wa kijiji kizima cha Mapera walihudhuria.

Skolastika naye alikuja kwenye mazishi. Ndiyo, Skolastika yule. Ana watoto wawili sasa na duka la vitenge. Alinikumbatia akalia begani kwangu, akasema, "Jamani, wewe na mimi tulikuwa kama pacha, hatukuwahi hata kununiana." Nilimtazama kwa karibu nione kama anatania. Hatanii. Hakumbuki. Mimi nakumbuka hata ndoo yake ilikuwa bluu na mshikio wake ulifungwa kwa kamba ya katani.

Habari ya pili: kitabu chako kitachapwa. Usifurahi haraka.

Ulipokuwa mgonjwa nilikwambia kwamba mradi ninaofanyia kazi ukarani unatafuta hadithi za watoto wa kuanzia darasa la sita hadi kidato cha pili. Niliipiga chapa ile yako, nikaiweka pamoja na nyingine, na ikachaguliwa. Kamati ikakaa. Kamati ni Mratibu, mama mmoja mwalimu mstaafu ambaye sisi makarani tunamwita Mama Maadili, na watu wengine wanaokuja kwa ajili ya soda. Mimi huandika muhtasari. Mratibu alilowesha kidole ulimini, akafunua kurasa zako mpaka akafika kwenye sura ya bombani, akasimama hapo.

"Karani. Wewe ndiye uliyepiga chapa. Huyu binti analia kurasa kumi na mbili. Kuna nini?"

Nikasema, "Rafiki yake hakumsalimia, Mratibu."

"Halafu?"

"Basi."

"Basi?"

Walicheka, Shangazi, hadi mmoja akapaliwa na soda. Mama Maadili akasema, "Mtoto hakusalimiwa bombani! Sisi tulichapwa viboko na hatukuandikiwa hata mstari." Mratibu akafuta macho, kisha akavaa uso wa kazi. "Hapana, tuwe makini. Wafadhili watauliza, tatizo la kijana hapa ni nini? Lazima liwe tatizo halisi. Weka mimba."

Alisema hivyo kama mtu anayeagiza chumvi. Weka mimba. Kijana akipewa mimba ndipo anapata haki ya kulia kwenye kitabu. Akiwa hana mimba, hana ugonjwa, hajatoroka na dereva wa lori, basi hana kitu. Anywe maji akalale. Na mwisho wa sura, akasema, awepo mtu mzima wa kumshauri binti, na binti aseme, "Asante, sasa nimeelewa." Umewahi kumsikia mtoto wa miaka kumi na mitatu akisema "sasa nimeelewa" bila kubetua midomo mara tu anapogeuka? Wewe ulikuwa ukisema watu hawa huwaandikia vijana kama wanaoandika bango la zahanati. Nilikuwa nadhani unatia chumvi. Nisamehe, ulikuwa unawapunguzia.

Na uwajue wanaosema hivyo ni akina nani. Mratibu huyuhuyu mwezi uliopita alikaa wiki nzima bila kuongea na dereva wake kwa sababu dereva alimpita sokoni bila kupunga mkono. Alipanda gari kiti cha nyuma, mkoba kifuani, amenuna kama mwari. Mama Maadili aliacha kwaya ya parokia aliyoiimbia tangu ujana kwa kuwa walimhamisha mstari wa mbele wakamweka wa pili. Hao ndio walionifundisha kwamba kutosalimiwa si tatizo halisi. Tofauti yao na mtoto ni kwamba mtoto hana gari la kununia.

Sikusema hayo kwenye kikao. Nilisema, "Sawa, Mratibu," nikaandika kwenye muhtasari: Sura ya tatu iboreshwe.

Sura yenyewe unaijua kuliko mimi, ingawa ni mimi niliyeishi ndani yake. Ulinichukua Kihagara nikiwa na miaka kumi na miwili, baba akisema kwako kuna shule nzuri. Hakuna aliyenitajia baridi. Na hakuna aliyenitajia kwamba watoto wa Mapera wakitaka kucheka hucheka kwa Kimatengo. Nilikuwa nasimama katikati yao nikitabasamu kama mtu anayesubiri chenji. Skolastika ndiye aliyekuja pembeni yangu siku moja akaniambia kwa Kiswahili walichokuwa wanakisema, na kwamba si kibaya, na kwamba yule aliyekisema zaidi ana upele. Kuanzia hapo alikuwa masikio yangu. Mwaka mzima.

Kisha ile asubuhi. Jana yake nilikuwa nimebeba kutoka stendi mfuko wa usipa aliotuma mama. Nilifika bombani na ndoo yangu, Skolastika akaja na binti wa mwenye duka. Akamsalimia wa kwanza kwenye foleni. Akamsalimia wa pili. Akampa shikamoo bibi aliyekuwa anasuuza dumu. Alipofika kwangu, macho yake yakaniruka kama mtu anavyoruka dimbwi ili asichafue kiatu, yakatua kwa aliyekuwa nyuma yangu. "Habari za asubuhi." Binti wa mwenye duka akasema, "Mnyasa, samaki wako wamefika kabla yako." Wakacheka. Na Skolastika akacheka nao, kidogo tu, kwa pua.

Ni hayo tu. Hakuna aliyenigusa. Niliweka ndoo chini nikaanza kutembea kwenda ziwani kwetu. Siku isiyo na ukungu, ukiwa kileleni mwa kilima kile juu ya kanisa, ziwa linaonekana linang'aa kama bati jipya, na mtoto akikiona kitu hudhani kiko karibu. Nilitembea mpaka miguu ikakataa. Ulinikuta jioni shambani kwa mtu, nimekaa ndani ya shimo la ngolo katikati ya maharage, katika yale mashimo Wamatengo wanayochimba mlimani yashike maji ya mvua. Nilikuwa nimeamua kwamba nitafia humo na kwamba Skolastika ataletwa kuangalia.

Hukunivuta mkono. Ulishuka shimoni na viatu vyako vya kufundishia, ukakaa pembeni yangu, matope mpaka kwenye sketi. Hukusema "ni jambo dogo." Hukusema "utasahau." Uliniuliza, kwa sauti ileile ambayo mganga wa zahanati huuliza unaumwa wapi:

"Alipowasalimia wengine, alikuwa anaangalia wapi?"

Nikakwambia.

"Na alipocheka, alianza yeye au alifuata?"

Nikafikiri. Alifuata.

"Hilo ni jambo kubwa," ukasema. Kisha ukaniuliza kama nimekula.

Shangazi, mpaka leo hakuna mtu aliyenipa heshima zaidi ya ile uliyonipa shimoni. Si siku ya mahafali, si siku ya kuajiriwa. Nilipofika kidato cha pili uliniomba ruhusa kuiandika. Uliniomba! Mtu mzima, mwalimu, akimwomba mtoto ruhusa juu ya machozi ya mtoto. Ulibadili jina, ukaiacha ndoo ilivyo.

Halafu uliipeleka kwenye vichanja, kama ulivyozipeleka zote. Nadhani hakuna mwandishi mwingine duniani aliyekuwa na mizani kama yako. Watoto wa jirani wamezunguka kahawa iliyoanza kukauka, vidole vinachambua punje mbovu na kutupa chini, wewe umekaa kwenye kigoda unasoma. Hukuwatazama usoni. Uso wa mtoto wa umri ule ni mwongo, ulisema. Unaweza kucheka kwa huzuni na kununa kwa furaha. Ulitazama mikono. Mikono ikiendelea kuchambua, ulikunja karatasi ukaenda kuwashia moto wa maharage. Mikono ikisimama, sura imepita. Na mikono ikisimama, punje mbovu zinapita nazo. Anko Otmari akawa anarudi kutoka chama cha ushirika anafoka tangu barabarani: "Wameishusha tena daraja! Batilda, hadithi zako zinakula kahawa yangu!" Nawe ukimjibu kutoka jikoni, "Basi ni nzuri, baba. Zina njaa."

Siku ya bombani, kichanja kizima kilisimama.

Na mimi nikaiwekea mimba. Niliamriwa, nikaandika kwa vidole hivihivi. Binti akapewa mvulana mwenye pikipiki, akapewa zawadi ya simu, akapewa tumbo, akapewa mshauri. Ilichukua nusu siku. Mambo ya uongo huandikika upesi. Hayana mahali pa kukwama.

Sasa sikiliza walichofanya jana, Jumamosi. Mratibu alisikia kwamba ulikuwa unawasomea watoto kwenye vichanja. Akafurahi. Hakuuliza kwa nini, aliona picha. Tukaja Mapera na gari la mradi, kamera, na katoni ya juisi. Watoto wako walewale, wamerefuka, walikuwa wanamchambulia Anko kahawa. Mratibu akakaa kwenye kigoda chako, magoti yakimfika kidevuni, akasoma sura iliyoboreshwa kwa sauti ya mtu anayefungua mkutano.

Nilitazama mikono.

Haikusimama hata mara moja. Tiki, tiki, tiki, punje zikidondoka. Pikipiki ikaja, mikono inaenda. Mimba ikaingia, mikono inaenda. Mshauri akashauri, na hapo ndipo ilipokwenda kasi zaidi, kama mvua inayokaribia. Sijawahi kuona kahawa safi namna ile. Mratibu akafunga karatasi, uso unang'aa. "Mnaona utulivu huo? Hakuna hata aliyeinua kichwa! Wamezama!" Mama Maadili akapiga makofi. "Na kazi haikulala," akasema. "Hiki ndicho kitabu."

Nilihisi dharau mpaka nikaona aibu kwa ukubwa wake. Watu wenye shahada, wameletewa jibu mbele ya macho, limepangwa kwenye wavu, linatoa hata sauti, wakalisoma kinyume. Wakaingia ndani kunywa chai.

Nilibaki kukusanya karatasi, watoto wakamwaga kahawa nyingine kichanjani. Imakulata, yule mjukuu wa jirani aliyekuwa bado mdogo ulipoanza kuugua, sasa ana miaka kumi na mitatu na mabega yake anayabeba kama mzigo alioazimwa. Akasema bila kunitazama, "Dada, yule binti hakuwa na mvulana. Alikuwa anakwenda ziwani." Mwenzake akamwambia, "Nyamaza, we si karani." Akajibu, "Nami nilikuwepo bibi mwalimu aliposoma. We ulikuwa unanyonya."

Ile yako nilikuwa nayo kwenye mkoba. Natembea nayo, sijui kwa nini. Nilitazama mlango wa nyumba. Nikasoma. Sikuketi kwenye kigoda. Nilisoma nimesimama, tayari kukimbia. Nilipofika kwenye macho yanayoruka dimbwi, tiki moja ikakosekana. Kisha nyingine. Nilipofika shimoni palikuwa kimya, na kimya hicho si kile cha Mratibu. Mikono ilikuwa imelala juu ya kahawa kama imesahauliwa na wenyewe. Imakulata alikuwa analia bila kelele, ameinamisha kichwa ili machozi yasimfike mdomoni.

"Vipi, mbona mashine imezimika?" Mratibu mlangoni, kikombe mkononi. Mama Maadili akamwona mtoto. "Ndiyo hayo tuliyoyasema! Mtoto analia! Karani, umewasomea nini?"

Nikasema nilichowasomea.

"Kwa idhini ya nani?" akauliza Mratibu.

Nilikuwa na hotuba nzima. Nilikuwa na dereva sokoni, nilikuwa na mstari wa mbele wa kwaya, nilikuwa na kila kitu. Kilichotoka ni, "Ya mwandishi."

"Mwandishi amekufa."

Alisema hivyo uani kwako. Hata watoto walimtazama. Anko Otmari alitoka nyuma yake na fimbo, akampita, akaja moja kwa moja kichanjani, akazamisha mkono kwenye kahawa. Akakifunua kiganja: punje nyeusi, zilizovunjika, zilizotobolewa, zote zimo. Nikajua atafoka. Akazigeuza kwa kidole gumba tu.

"Ni ile ya bombani?" akaniuliza.

"Ndiyo, Anko."

"Mmh. Imeharibika." Akamgeukia Mratibu. "Mheshimiwa, miaka yote chama kinanishusha daraja kwa hadithi za mke wangu. Hiyo yenu nimeisikia nikiwa ndani. Kahawa imetoka safi kama ya wazungu. Hiyo si yake. Jina lake msiliweke."

Mratibu alicheka akidhani ni utani wa mzee. Anko hakucheka. Akasema ruhusa ya kuchapa hajaitia sahihi, na kalamu yake imepotea, na macho yake mabovu hayataiona tena.

Tukapanda gari mpaka tukakaribia mjini. Ndipo Mratibu akasema kutoka kiti cha mbele, bila kugeuka, kwamba Jumatatu nimletee sura iliyopitishwa na sahihi ya mzee, maana mzee ni mume wa shangazi yangu na mimi ndiye najua kumbembeleza. La sivyo nimletee ufunguo wa ofisi. "Chagua kama wewe ni wa mradi au wa ukoo."

Kesho ndiyo Jumatatu. Naogopa, sikudanganyi. Mkataba wangu ni wa mwaka mmoja mmoja, na mdogo wangu ada yake inatoka kwangu. Lakini ufunguo nimeshautoa kwenye pete ya funguo zangu, uko hapa mezani, nao ni mdogo kuliko nilivyodhani. Kesho nitamwekea sura yako mezani, ile ya kurasa kumi na mbili, isiyo na mimba, na ufunguo juu yake kama jiwe la kuzuia upepo. Achague yeye. Akichukua ufunguo, nitaondoka na kurasa, na nitazisoma kwenye kichanja chochote kitakachonipokea, kuanzia huko kwetu mahali wanapoanika usipa.

Kabla hatujaondoka Mapera nilimwomba dereva anisubiri. Nilikaa chini karibu na Imakulata, kwenye maganda ya kahawa, na sketi ya ofisi. Sikumwambia ni jambo dogo. Nilimuuliza, "Huyo wako, alikuwa anaangalia wapi?" Akanitazama kwa mara ya kwanza. Alichonijibu sikuandikii, ni chake.

Kisha nikaja kwako, kaburini. Hii ndiyo habari ya shikamoo niliyokuahidi. Nilisimama miguuni pako, nikasema kama kila siku nikiingia uani, "Shikamoo, Shangazi." Nikasubiri. Mtu mzima, karani, mwenye cheti, nikasubiri marahaba. Upepo ukapita kwenye migomba. Hukuitika. Na jambo lile likanijia tena lote, Shangazi, bombani, ndoo, ubaridi wa zege chini ya miguu, kwa ukubwa uleule, halikupungua hata kidogo. Walisema utasahau. Walisema si tatizo halisi. Laiti wangesimama pale nilipokuwa nimesimama.

Kwa hiyo hapa siandiki shikamoo. Nitakuja kuisema mwenyewe, kila nikipanda Mapera, na nitasubiri kidogo kila mara, hata kama dereva anapiga honi. Na hii ndiyo ahadi yangu: mtoto yeyote atakayeniletea jambo kama lile, nitashuka naye shimoni na viatu. Sitamwambia atasahau.

Pumzika, Shangazi yangu. Kahawa ya Anko mwaka huu imeshuka daraja.

Mwanao wa Kihagara,
Ester